Ikoni zinapokataa kwenye Windows ya zamani: mwongozo wa kuzirekebisha

"Fundi, samaki wametoweka tena."

Ndivyo alivyoanza mwalimu wa kompyuta wa shule moja ya msingi kati ya Kisumu na Ahero, Jumatatu asubuhi, hata salamu hatujamaliza. Nilimwelewa. Katika maabara yao watoto wa Gredi ya 1 na ya 2 bado hawayasomi vizuri majina ya folda, wanafuata picha. Ngege, yule samaki, ni Hesabu, mtumbwi ni Kiswahili, kiboko ni Kiingereza, jua ni Mazingira. Picha zikitoweka, zinabaki folda nne za manjano zinazofanana kama mapacha, na kipindi cha dakika 30 kinaisha mwalimu akizunguka mashine hadi mashine akionyesha kwa kidole. Kwa sababu hiyo mimi siihesabu ikoni kuwa pambo. Kwa mtu ambaye bado hajazoea kusoma, ikoni ndiyo jina lenyewe.

Mashine zao ni za rika tofauti: tisa zina Windows XP, nne Windows 7, na ile ya ofisini Windows 10. Ikoni nilizitengeneza nyumbani Kondele kwenye laptopu yangu ya Windows 10, na huko zilipendeza. Kwenye Windows 7 zikakubali. Kwenye XP zikagoma. Haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza kwa kuzirekebisha hizo na nyingine nyingi tangu hapo, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe nikifika kwa mteja.

Jua kwanza kilichomo ndani ya ikoni

Faili yenye kimalizio .ico si picha moja. Ni kapu. Ndani yake mna picha kadhaa za kitu kilekile, kila moja kwa ukubwa wake na kwa kiwango chake cha rangi. Windows ikitaka kuonyesha ikoni hutia mkono kapuni na kutoa ile inayoifaa wakati huo: ya pikseli 16 (pikseli ni vile vidoa vidogo vinavyounda picha kwenye skrini) kwenye orodha ya mafaili, ya 32 kwenye deskitopu ya XP, ya 48 kwenye deskitopu ya Windows 7, na ya 256 ukichagua mwonekano mkubwa kabisa. Ikikosa kapuni picha inayoweza kuisoma, inarudi kwenye ikoni yake ya kawaida kana kwamba hukuweka kitu.

Sasa tofauti za matoleo. Windows 95 na 98 zilizoea picha za rangi 16 au 256, na kila pikseli ilikuwa ama inaonekana ama haionekani, hakuna katikati. XP ilipotoka mwaka 2001 ilileta picha za biti 32: biti 24 za rangi na biti 8 za uwazi. Hizo biti 8 ni ngazi 256 za uwazi, na ndizo zinazofanya kivuli kiwe laini na kingo zisiwe na meno ya msumeno. Kisha Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, ikaongeza picha ya 256 kwa 256. Picha kubwa hivyo ikiwa haijabanwa huzidi kilobaiti 260, kwa hiyo Vista iliruhusu ikae kapuni ikiwa imebanwa kama PNG, aina ya faili ya picha.

XP haijui kusoma PNG iliyo ndani ya ikoni. Hapa ndipo penye sehemu kubwa ya matatizo yote ninayoyaona. Programu nyingi za siku hizi, na hasa zile tovuti za kugeuza picha kuwa ikoni, huweka kapuni PNG moja kubwa tu na kukurudishia faili. Kwenye mashine yako mpya inang'aa. Ukiipeleka kwenye XP, mkono unaingia kapuni na kutoka mtupu.

Basi kanuni yangu ni kufungasha kwa ajili ya mashine kongwe kuliko zote utakazozihudumia. Windows mpya inasoma vyote vilivyosomwa na ya zamani, lakini ya zamani haisomi vilivyozaliwa baada yake.

Tazama dalili kabla hujagusa kitu

Kaa mbele ya mashine uangalie ugonjwa ni upi, maana dawa ni tofauti.

Ikiwa ikoni haionekani kabisa kwenye XP lakini inaonekana kwenye Windows 7, shuku yaliyomo kapuni, au jinsi ilivyoandikwa desktop.ini, ile faili ndogo inayoiambia Windows folda itumie ikoni gani. Ikiwa inaonekana lakini ina kingo nyeusi zilizochakaa, au rangi zimekuwa za mabakamabaka, shuku kiwango cha rangi. Ikiwa umebadilisha ikoni na ile ya zamani bado imeng'ang'ania, hiyo ni akiba ya Windows, yaani picha za zamani ilizojiwekea, na faili yako huenda haina kasoro yoyote. Ikiwa ilikuwa sawa Ijumaa na Jumatatu imepotea, uliza nani aliishika flashi mwishoni mwa wiki. Hilo la mwisho nitalirudia, kwa sababu lilinisumbua kuliko yote.

Hatua ya kwanza: pekua faili yenyewe

Huhitaji programu ya kununua. Weka ikoni zote kwenye folda moja, kwa mfano C:\Ikoni, fungua dirisha la amri (cmd), kisha andika:

cd /d C:\Ikoni
findstr /m IHDR *.ico

Kila PNG hubeba herufi IHDR mwanzoni mwake. Amri hii inapekua ikoni zote na kukutajia zile zenye PNG ndani. Ipo kwenye XP na kwenye matoleo yaliyofuata, kwa hiyo unaweza kuiendesha hapohapo shuleni. Ikoni iliyotajwa si lazima iwe mbaya, kwani inaweza kuwa na PNG kubwa pamoja na picha nyingine ndogo za kawaida, na XP itairuka PNG na kuchukua hizo ndogo. Mbaya ni ile yenye PNG peke yake.

Utatofautishaje? Angalia ukubwa wa faili kwa baiti. Kapu lenye picha tatu za biti 32 zisizobanwa, yaani 48, 32 na 16, lina baiti 15,086 kamili. Ukiongeza hizo tatu kwa rangi 256, linafika baiti 22,486. Nambari hizi mbili nimezikariri, na nikiziona kwenye sifa za faili najua nina nini mkononi hata kabla ya kuifungua. Ikiwa findstr imeitaja faili na ina baiti elfu nne au tano tu, hiyo karibu kila mara ni PNG iliyo peke yake. Kama bado una shaka, ifungue kwa GIMP, programu ya kuchora na kuhariri picha: kila picha iliyomo hujitokeza kama tabaka lake, ikiwa na ukubwa wake na biti zake.

Lipo kosa lingine ninalolikuta sana kwa vijana wanaoanza. Mtu anachukua picha ya PNG, anaiita jina jipya lenye .ico mwishoni, basi anaamini ametengeneza ikoni. Kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo. Ikoni halali huanza na baiti 00 00 01 00, wakati PNG huanza na 89 50 4E 47. Ukiifungua faili kwa Notepad na neno PNG likawa limeandikwa palepale mwanzoni kabisa, hiyo si ikoni bado.

Hatua ya pili: fungasha kapu upya

Natumia GIMP kwa sababu ni ya bure na inakupa uamuzi juu ya kila picha iliyomo kapuni. GIMP 2.10 inahitaji Windows 7 au zaidi, kwa hiyo fanya kazi hii kwenye mashine mpya na upeleke matokeo kwenye zile za zamani. Kama huna mashine isipokuwa ya XP, tafuta GIMP 2.8.

Anza na turubai ya 256 kwa 256 yenye uwazi. Weka mchoro wako. Kisha nakili tabaka hilo na kuipunguza kila nakala: moja 48, moja 32, moja 16. Halafu nakili hizo tatu ndogo tena, ziwe za rangi 256. Utakuwa na matabaka saba.

Hapa usikimbie. Picha ya pikseli 16 kwa 16 ina pikseli 256 tu kwa jumla, na mchoro uliopunguzwa kwa mashine haubaki mchoro, unakuwa doa. Ngege wangu wa kwanza alikuwa na magamba, mapezi ya juu na ya chini, na tumbo la rangi ya fedha. Kwenye 256 alipendeza mno. Nilipompunguza mpaka 16 aligeuka kuwa kitu cha kijivu ambacho mtoto mmoja alikiita jiwe. Nikavuta karibu kwa asilimia 1600, nikafuta magamba yote, nikaliacha pezi moja la mgongoni, nikaukata mkia uwe pembetatu wazi yenye pikseli tano kwenda juu, na jicho nikalipa pikseli moja nyeusi iliyozungukwa na nyeupe. Mgongo wote nikaupiga rangi moja ya buluu iliyokolea. Ilinichukua kama dakika 20, na tangu hapo hakuna mtoto aliyemkosea ngege. Mtumbwi haukunipa shida, kwa sababu mstari mmoja uliopinda na tanga moja vinatosha.

Kwa yale matabaka matatu ya rangi 256 kuna kazi ya ziada. Hapo uwazi hauna ngazi: pikseli ipo au haipo. Kingo laini zenye uwazi nusu zikiingizwa humo zinageuka kuwa ukoko mchafu kuzunguka mchoro, na ndio huo weusi ambao watu wanaulalamikia. Uondoe mapema. Chagua tabaka, nenda kwenye menyu ya Layer, kisha Transparency, kisha Threshold Alpha, ukubali kiwango cha katikati. Kila pikseli italazimika kuchagua upande. Ukingo utaonekana mkali ukivuta karibu, lakini kwenye skrini ya zamani unakuwa safi.

Sasa hamisha faili kwa jina lenye .ico. GIMP itafungua dirisha linaloorodhesha matabaka yote na kuuliza kila moja lihifadhiwe kwa biti ngapi. Zile tatu ndogo za kwanza zipe 32 bpp (yaani biti 32 kwa kila pikseli). Zile tatu za rangi chache zipe 8 bpp. Ile ya 256 ipe 32 bpp na uweke alama kwenye kisanduku cha Compressed. Hakikisha kwa macho yako kwamba kisanduku hicho hakina alama kwenye zile sita nyingine. Alama moja iliyosahaulika mahali pake inatosha kukurudisha shuleni kwa matatu siku ya pili.

Mtu atauliza, za rangi 256 za nini ikiwa XP inasoma biti 32? Za siku ile mashine inapofomatiwa na kurudishwa bila draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha. Skrini hushuka hadi rangi chache, na XP hutafuta kapuni picha ya kiwango hicho. Isipoipata hujaribu kuikamua ile ya biti 32, na matokeo hayapendezi. Kwa kweli, ukikuta ikoni zote za mashine zimekuwa mbaya, si zako peke yake, usiguse ikoni hata moja. Bofya deskitopu kwa kitufe cha kulia, fungua sifa za skrini, uangalie kiwango cha rangi. Kikiwa chini ya biti 32, weka draiva sahihi, kisha kipandishe.

Hatua ya tatu: ifunge ikoni kwenye folda kwa lugha zote mbili

Ukibadilisha ikoni ya folda kwa kubofya, Windows huandika faili ndogo ndani ya folda hiyo inayoitwa desktop.ini. Toleo jipya huandika kwa mtindo wake na la zamani kwa wake. Kuanzia Vista mstari unaotumika ni IconResource. XP haiujui mstari huo, inatafuta IconFile na IconIndex. Ndiyo maana folda iliyopambwa kwenye Windows 10 inafika XP ikiwa tupu hata kama faili ya ikoni yenyewe ni nzima.

Dawa ni kuiandika kwa mkono ukiweka mitindo yote miwili. Fungua Notepad:

[.ShellClassInfo]
IconFile=samaki.ico
IconIndex=0
IconResource=samaki.ico,0

Hifadhi ndani ya folda ya Hesabu kwa jina desktop.ini, na samaki.ico iwe ndani ya folda hiyohiyo. Wakati wa kuhifadhi chagua aina ya faili zote, la sivyo Notepad itaongeza .txt kimyakimya na utakaa ukishangaa kwa nini hakuna kinachotokea.

Ona kwamba sikuandika E:\ wala C:\ mbele ya samaki.ico. Nimefanya hivyo makusudi. Flashi ni E kwenye mashine hii, F kwenye ile, G kwenye ya ofisini yenye kisomaji cha kadi. Ukitaja herufi, ikoni itakufa flashi ikihama mashine. Ukiitaja faili kwa jina lake tu, Windows itaitafuta humohumo ndani ya folda.

Bado hujamaliza. Windows haiisomi desktop.ini mpaka folda yenyewe iwe na alama ya mfumo au ya kusomwa tu. Kwa hiyo, ukiwa kwenye dirisha la amri mahali folda zilipo:

attrib +s Hesabu
attrib +h +s Hesabu\desktop.ini
attrib +h Hesabu\samaki.ico

Mstari wa kwanza ndio unaoiamsha Windows. Miwili ya chini inazificha faili hizo mbili ili mtoto asizifute kwa bahati mbaya. Ukitaka kuihariri desktop.ini baadaye, itoe alama kwanza kwa attrib -h -s, kisha uzirudishe.

Njia ya mkato isiyoelekeza popote

Ikoni za njia za mkato (shortcut) kwenye deskitopu zina tabia nyingine, kwani hizo hubeba anwani kamili ya mahali ikoni ilipo. Mimi hutengeneza folda C:\Ikoni kwenye kila mashine ya maabara, jina lilelile kote, na njia za mkato zote zinaelekea hapo. Usiziweke ikoni kwenye Documents au deskitopu ya akaunti ya mwalimu. Mwanafunzi akiingia kwa akaunti yake hana ruhusa ya kusoma humo, na ataona karatasi nyeupe wakati mwalimu anaona kila kitu kiko sawa. Mnaweza kubishana nusu siku, kila mmoja akisema kweli.

Jihadhari pia na ikoni za Windows yenyewe. Ukichagua picha kutoka imageres.dll kwenye Windows 7, jua kwamba faili hiyo ilianza na Vista na XP haina. Ukitaka ikoni ya mfumo itakayokubali kote, chagua kutoka shell32.dll, kisha uende ukaithibitishe kwa macho kwenye kila toleo ulilo nalo.

Hatua ya nne: futa akiba ya ikoni

Windows haisomi ikoni upya kila mara. Ikishaisoma huiweka kwenye faili ya akiba, na baada ya hapo hukuonyesha ile ya akiba hata kama umeshaibadilisha ya kweli. Watu wengi hutengeneza ikoni nzuri, wanaona ile ya zamani bado ipo, wanadhani wamekosea na kuanza upya. Nimewahi kuirudia ikoni moja mara tatu kumbe ya kwanza ilikuwa sawa.

Jaribu kwanza njia nyepesi, ambayo ndiyo naipenda: badilisha jina la ikoni. Iite samaki2.ico na urekebishe desktop.ini itaje jina hilo. Akiba inakumbuka kwa jina na mahali, kwa hiyo jina jipya linailazimisha Windows isome faili upya. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Kama haikuisha, futa akiba yenyewe. Funga programu zote, fungua dirisha la amri, na ulibakishe wazi. Kisha fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc na umalize explorer.exe. Deskitopu na upau wa chini vitapotea. Mwambie mwenye mashine asishtuke. Kwenye dirisha la amri, kama ni XP:

del /a "%userprofile%\Local Settings\Application Data\IconCache.db"

Kama ni Vista au Windows 7:

del /a "%localappdata%\IconCache.db"

Kama ni Windows 10, akiba imegawanywa katika mafaili kadhaa:

del /a "%localappdata%\Microsoft\Windows\Explorer\iconcache*"

Maliza kwa kuandika explorer.exe na kubonyeza Enter, deskitopu itarudi. Explorer lazima iwe imezimwa wakati unafuta, kwa sababu ikiwa hai inaweza kuiandika upya akiba ya zamani wakati wa kutoka, na utakuwa umetwanga maji kwenye kinu. Kwenye XP kuna njia nyingine isiyohitaji amri: shusha kiwango cha rangi cha skrini kutoka biti 32 hadi 16, kubali, kisha kirudishe. Windows hulazimika kuzichora ikoni zote upya.

Flashi iliyopita saiba

Sasa nirudi kwa Jumatatu ile. Ikoni nilikuwa nimezifungasha vizuri, desktop.ini ina mitindo yote miwili, akiba nimefuta, na wiki nzima zilikuwa zimekaa sawa kwenye mashine zote. Nilipofika nikakuta si XP tu, hata Windows 7 hazionyeshi ngege wala kiboko. Na ndani ya kila folda desktop.ini ilikuwa wazi, haijafichwa.

Nikamuuliza, "Mwalimu, flashi hii ilitoka shuleni?"

Akasema ndiyo, Jumamosi aliipeleka saiba mjini kuchapisha mitihani, ikaingia kile kirusi kinachoficha folda na kuacha njia za mkato mahali pake. Kijana wa saiba akamsaidia, akairudisha kila kitu.

Yule kijana alifanya vyema na namshukuru, kwa maana kazi za walimu zingepotea. Amri aliyotumia anaijua kila mtu anayefanya kazi saiba kuanzia Busia hadi Nakuru:

attrib -h -r -s /s /d *.*

Inaondoa kuficha, kusomwa tu na alama ya mfumo kwenye kila folda na kila faili ya flashi. Folda zilizofichwa na kirusi zinarudi. Lakini alama ya mfumo kwenye folda ndiyo ile ile inayoiambia Windows isome desktop.ini. Ikiondolewa, ikoni zinakufa zote kwa mpigo, na faili zake zikiwa nzima kabisa. Unaweza kutengeneza ikoni upya siku nzima usifike popote.

Tangu siku hiyo kwenye kila flashi ninayoiandaa huacha faili inayoitwa rudisha.bat, yenye mistari hii miwili:

for /d %%f in (*) do if exist "%%f\desktop.ini" attrib +h +s "%%f\desktop.ini"
for /d %%f in (*) do if exist "%%f" attrib +s "%%f"

Inapitia kila folda iliyo kwenye flashi. Penye desktop.ini inaificha tena, kisha inairudishia folda alama ya mfumo. Mwalimu anaibofya mara mbili, dirisha jeusi linapita, ikoni zinarudi. Safisha kirusi kwanza kwa antivairasi kabla ya kuiendesha, na ufute njia za mkato za uongo kilizoziacha, kwani mtu akibofya mojawapo kirusi kinaamka upya.

Kuhusu ikoni ya flashi yenyewe, ile inayowekwa kwa autorun.inf: inawezekana. Windows 7 haiendeshi tena programu kutoka kwenye flashi kwa faili hiyo lakini bado inasoma ikoni na jina. Mimi siitumii. Virusi vilitumia vibaya autorun.inf kwa miaka mingi, na antivairasi nyingi huifuta au kupiga kelele zikiiona. Kwa picha moja tu, haifai usumbufu huo.

Na kama unawaza kupakua vifurushi vya ikoni mtandaoni badala ya kuchora, chukua tu vile vinavyokuja kama mafaili ya .ico au .png ndani ya zip. Kinachokuja kama .exe kiache. Microsoft iliacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mashine hizo hazina wa kuziziba matundu, kwa hiyo maabara ya watoto ikae bila intaneti na programu ngeni zisiguse.

Kujaribu kabla ya kuondoka

Anza na mashine kongwe, usianze na ile nzuri. Ingia kwa akaunti ya mwanafunzi, si ya msimamizi. Tazama folda kwa mwonekano wa ikoni, kisha wa orodha, ili uione picha ya 32 au 48 na pia ile ya 16. Chomoa flashi, ichomeke kwenye tundu lingine au mashine nyingine ambako itapata herufi tofauti. Zima kompyuta kabisa na uiwashe. Kwenye Windows 7 fungua mwonekano mkubwa kabisa: ikoni ikionekana ndogo katikati ya nafasi kubwa tupu, ulisahau ile ya 256.

Kisha hifadhi mchoro wako wenye matabaka yote saba kama faili ya .xcf ya GIMP mahali ambapo si kwenye flashi hiyo. Pale Ahero walikuja kuomba ikoni ya tano, ya Muziki, miezi miwili baadaye. Nilifungua .xcf ya mtumbwi, nikafuta mchoro, nikaweka nyatiti kwenye matabaka yaleyale, na kwenye ile ya pikseli 16 nikaacha nyuzi tatu badala ya nane.